MPATANISHI KATIKA BENDI YA NDUGU

Chama chetu cha Kiswahili kina desturi ya kuchukua neno moja kila muhula na kulichambua mpaka libaki mifupa mitupu. Muhula huu neno lililotushinda kulimaliza ni "mpatanishi". Wanachama waligawanyika. Kundi moja lilishikilia kwamba mpatanishi, msuluhishi na mwamuzi ni mtu yule yule aliyebadilisha koti. Kundi la pili, ambalo mimi nilikuwamo, lilikataa katakata. Kengele ya chakula ikalia kabla hatujasikizana, naye mwenyekiti akasema, "Anayekataa aandike." Basi nimeandika.

Nimeamua kulieleza neno hili kwa mfano wa bendi za ndugu, yaani bendi ambamo wapigaji wote au wengi wao wamezaliwa tumbo moja. Nimezichagua kwa sababu ninazijua kwa karibu, kama utakavyoona hapo mbele, na pia kwa sababu ugomvi wa bendi ya ndugu hauna mlango wa kutokea. Katika bendi ya kawaida mwenye hasira hufunga virago akaenda kutafuta bendi nyingine. Katika bendi ya ndugu anaweza kufunga gitaa lake kwa hasira, lakini jioni ile ile watakutana kwenye sufuria moja ya ugali. Hapo ndipo kazi ya mpatanishi inapoonekana vizuri kuliko mahali pengine popote.

Tuanze na neno lenyewe. Mzizi wake ni kitenzi "pata". Tukikinyambua katika kauli ya kutendana tunapata "patana". Tukiongeza kauli ya kutendesha tunapata "patanisha", yaani kuwafanya watu wapatane. Anayefanya hivyo ni mpatanishi, na matokeo ya kazi yake ni mapatano. Hadi hapo hakuna mgogoro.

Lakini angalia kitu kimoja. Neno "kupatana" halikai kwenye magomvi tu. Ukienda sokoni Karagita jioni, wakati wafanyakazi wa mashamba ya maua wanatoka kazini na barabara ya Moi South Lake imejaa watu kama siku ya sikukuu, utasikia mama akimwambia mwenye sukuma wiki, "Bei si ni ya kupatana?" Hapo hakuna aliyegombana na mwenziwe. Mmoja anataka kulipa kidogo, mwingine anataka kupata zaidi, na kila mmoja anasogea mpaka wakutane mahali ambapo hakuna aliyepapenda sana ila wote wanaweza kupavumilia. Mimi nadhani maana hii ya soko ndiyo inayotufaa. Kupatana si kupendana. Watu wanaweza kupatana wakiwa bado wamenuniana.

Mwamuzi ni mtu mwingine. Kuamua ugomvi ni kuwatenganisha wanaopigana, na pia ni kukata shauri: huyu ana haki, yule hana. Ndiyo maana anayepuliza kipenga uwanjani huitwa mwamuzi. Hana haja ya kupendwa wala kueleweka, maadamu ana filimbi. Msuluhishi naye ametokana na "suluhu", neno lililotujia kutoka Kiarabu, na aghalabu msuluhishi huitwa. Anatoka nje, huenda ni mzee wa mtaa au chifu, anapewa kiti, anasikiliza pande zote mbili mbele ya watu. Mpatanishi, hasa wa ndani ya nyumba, haitwi na mtu yeyote na hapewi kiti. Mara nyingi hata wale anaowapatanisha hawajui kwamba yuko kazini.

Sasa tufike kwenye jambo lililoninyima usingizi. Chukua kitenzi "gomba". Kinyambue vile vile: gomba, gombana, gombanisha. Chukua "chonga": chonga, chongana, chonganisha. Unaona? Viambishi ni vile vile kabisa, -an- kisha -ish-. Mpatanishi na mchonganishi wameshonwa na fundi mmoja kwa uzi mmoja. Na si sarufi peke yake. Wote wawili hufanya kazi ile ile ya kusimama katikati ya watu wawili na kubeba maneno kutoka huku kwenda kule. Tofauti imo katika mzigo. (Wazazi wetu wa Naivasha wanaoikumbuka Januari ya 2008, baada ya ule uchaguzi, hawahitaji kamusi kuambiwa maana ya kuchonganisha.)

Tukiliweka hilo akilini, tutazame bendi za ndugu ambazo historia yake inajulikana.

Hapa Kenya mfano wa kwanza unaokuja akilini ni ndugu wa Kinyonga. Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walitoka Tanga, Tanzania, ambako walipiga muziki na Jamhuri Jazz. Baadaye walihamia Arusha, wakaungana na ndugu yao mwingine, William, katika Arusha Jazz. Mwaka 1971 walivuka mpaka wakaingia Kenya, na hapo bendi yao ikajulikana kama Simba Wanyika. Wilson na George walikuwa watunzi na waimbaji wote wawili. Ndio waliotajwa na watangazaji wa redio, na ndio waliojulikana na mashabiki.

Lakini mwaka 1978 bendi hiyo ilipasuka. Waliotoka hawakuwa wale ndugu. Walitoka watu wa katikati: Omari Shabani aliyepiga gitaa la ridhimu, Tom Malanga aliyepiga besi, Rashid Juma aliyepiga ngoma, mwimbaji Issa Juma, na wengineo. Walianzisha Les Wanyika, na wimbo wao "Sina Makosa" ukapendwa Afrika Mashariki nzima. (Wanachama wa kamati ya lugha watanisamehe nikisema jina hilo lina wingi juu ya wingi. "Les" ni alama ya wingi kwa Kifaransa, nayo "wa-" ni ya wingi kwa Kiswahili. Anayetaka kuwasahihisha amechelewa.) Mwanzoni mwa miaka ya 1980 George naye aliunda kundi lake, Jobiso, kisha akarudi kwa kaka yake. Walikuwa pamoja hadi George alipofariki mwaka 1992. Wilson alifariki mwaka 1995 na bendi ikaishia hapo.

Sitaki kudai kwamba ninajua waliyoambiana chumbani. Ninachosema ni kwamba ukisikiliza muziki wa aina hii, gitaa la solo ndilo linalokuvuta sikio, na mwimbaji ndiye unayemkumbuka. Ridhimu na besi huzisikii mpaka ziondoke. Mwaka 1978 ziliondoka zote kwa pamoja, na wale wawili wa mbele wakalazimika kutafuta sakafu nyingine ya kusimama. Walifaulu, kwa kweli, maana Simba Wanyika iliendelea kurekodi nyimbo nzuri kwa miaka mingi. Hata hivyo, tangu mwaka huo jina la Wanyika likawa jina la bendi zaidi ya moja.

Mfano wa furaha zaidi ni Them Mushrooms wa Mombasa, bendi ya ndugu wa familia ya Harrison iliyoanza mwaka 1972. Teddy Kalanda Harrison ndiye aliyetunga "Jambo Bwana", wimbo uliotoka mwaka 1982 ambao kila mtalii huondoka nao kichwani atake asitake. Mwaka 1987 walihamia Nairobi, na baadaye wakajulikana pia kwa jina la Uyoga. Ndugu kadhaa katika bendi moja, mji hadi mji, mwongo baada ya mwongo! Anayepiga mahesabu ya ni mara ngapi ndugu hugombana kwa wiki moja ataelewa kwamba bendi kama hiyo haidumu kwa bahati tu.

Ila mtu aliyejulikana hasa kwa kazi hii ya kimya simjui Afrika Mashariki kama ninavyomjua mmoja wa ng'ambo, na hapa naomba msomaji avuke bahari nami kidogo. Babu na nyanya zetu wengi wanawafahamu Bee Gees. Walikuwa ndugu watatu wa familia ya Gibb: Barry, mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1946, na mapacha wawili, Robin na Maurice, waliozaliwa tarehe 22 Desemba 1949 katika kisiwa cha Isle of Man. Mwaka 1958 familia ilihamia Australia. Mwaka 1967 walirudi Uingereza na mara wakawa maarufu.

Barry alikuwa na sauti ya kuongoza. Robin pia alikuwa na sauti ya kuongoza. Nani basi angetangulia? Mwaka 1969 jambo hilo lilipasua kundi. Santuri za siku zile zilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ndio uliopigwa redioni, wa pili ulikuwa kama abiria wa kusimama kwenye matatu. Wimbo aliouongoza Barry, "First of May", uliwekwa upande wa kwanza, na ule aliouongoza Robin, "Lamplight", ukawekwa wa pili. Robin akaondoka. Kabla mwaka haujaisha hata Barry na Maurice waliokuwa wamebaki walikuwa wametengana. Mwaka 1970 wote watatu walirudiana, na mwaka uliofuata, 1971, wakapata wimbo wao wa kwanza kufika nambari moja Marekani. Baada ya hapo wakaja kuuza mamilioni ya santuri kwa nyimbo za filamu ya "Saturday Night Fever" ya mwaka 1977.

Katika yote hayo Maurice alikuwa wapi? Katikati. Alipiga besi, alipiga kinanda, alipiga gitaa, na akaimba sauti za kuitikia zilizojaza nafasi kati ya ndugu zake wawili. Nyimbo alizoongoza yeye mwenyewe zilikuwa chache. Waliomjua walimweleza kama mpatanishi, mcheshi aliyelegeza mambo yalipokaza. Alikuwa pacha wa mmoja na mdogo wa mwingine, kwa hiyo alikuwa na mguu katika kila upande. Lakini mtu asidhani kazi hiyo ilikuwa ya bure. Maurice alipambana na ulevi kwa miaka mingi kabla ya kuuacha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sitasema upatanishi ndio uliomfanya anywe, kwani watu hunywa kwa sababu elfu. Nasema tu kwamba yule anayewatuliza wengine haimaanishi yeye ametulia. Alifariki tarehe 12 Januari 2003 akiwa na umri wa miaka 53. Mwezi ule ule Barry na Robin walitangaza kwamba wanaliweka kando jina la Bee Gees. Wale waliokuwa wamegombania kutangulia hawakuona namna ya kutangulia bila yule wa kati.

Sasa turudi Karagita.

Nyumbani kwetu tuko watano, na sote tunapiga muziki. Baba ndiye aliyetufundisha kushika nyuzi. Kaka yetu mkubwa, kifungua mimba, anapiga gitaa la solo na ndiye kiongozi. Anayemfuata ni dada, mwimbaji na mtunzi. Mimi ni wa tatu na ninapiga gitaa la besi, si kwa sababu nililiomba, bali kwa sababu ndilo lililobaki. Wadogo wangu wawili, mmoja anapiga ngoma, na yule kitinda mimba anacheza kayamba na kuchekesha watu. Tunapiga kanisani, na siku za Jumamosi tukialikwa tunapiga harusini. Mazoezi tunafanyia nyumbani. Wale wanaoishi kwenye ploti wanajua maana yake: ukuta wa mabati hauna siri, na majirani wanajua nyimbo zetu kabla bwana harusi hajazisikia. Wanajua na magomvi yetu pia.

Magomvi yenyewe hayana mambo makubwa. Ni sauti na pesa tu. Tuanze na sauti. Kaka anapenda nyimbo zianzie pale ambapo vidole vyake vimezoea. Dada anasema hapo ni chini mno, sauti yake inazama. Kaka anamwambia waimbaji wa kweli huimba popote. Dada anamwambia wapigaji wa kweli hupiga popote. Hapo mazoezi yamekwisha, na saa kumi na moja bado haijafika.

Unaweza kufanya nini ukiwa mdogo kwao wote wawili? Kuamua huwezi, huna filimbi. Kusuluhisha huwezi, hujaitwa. Ukisema "dada ana haki", umempoteza kaka. Ukisema "kaka ni mkubwa, tumfuate", umempoteza dada, na pengine umekosea muziki pia, kwa maana sauti yake kweli inazama.

Siku moja nilichukua penseli fupi na kipande cha blada ya baiskeli. Wapiga gitaa wanaujua ujanja huu. Ukiilaza penseli juu ya nyuzi, karibu na ule mstari wa pili wa chuma kwenye shingo la gitaa, ukaifunga kwa mpira ikaza sawasawa, gitaa zima linapanda juu, lakini vidole vinabaki na mitindo yao ile ile. Kipo kifaa cha dukani cha kazi hiyo, ila sisi hatukuwa nacho. Nililifunga gitaa la kaka kabla hajarudi kutoka kazini, nikaliegemeza mahali pake, nikaenda kuosha vyombo. Alipolishika alishangaa, akapiga, akatabasamu. "Nani amefanya hii maneno?" Hakuna aliyejibu. Dada alianza kuimba, na kwa mara ya kwanza wimbo ule ulimtosha.

Nawaomba wasomaji wanaopenda muziki watambue jambo moja. Mimi besi yangu sikuifunga penseli. Kwenye besi kila noti husimama peke yake, kwa hiyo ilinibidi nihamishe kila noti mwenyewe, wimbo baada ya wimbo, na kujifunza upya nyimbo tisa nilizokuwa nazijua kwa kichwa. Kaka alibaki na vidole vyake, dada akapata sauti yake. Kuhama nilihama mimi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu watu hudhani upatanishi ni kuongea kwa upole, na katika bendi yetu umekuwa zaidi kazi ya mikono.

Kisha pesa. Tulilipwa shilingi elfu nane kwa harusi moja upande wa Naivasha mjini. Kaka alitaka amplifaya itengenezwe, kwa sababu ilikuwa ikikoroma kama mzee. Dada alitaka kila mtu apewe chake, kwa kuwa alikuwa akijiandaa kwenda chuo. Walinuniana siku nne. Katika siku hizo nne mimi ndiye niliyekuwa posta.

"Mwambie huyo dada yako, kama ni pesa anataka, aende akaimbe peke yake tuone nani atamwita."

Nilienda nikamwambia dada, "Kaka anauliza kama wewe ungekuwa na amplifaya mbovu ungefanyaje."

"Mwambie hiyo bendi si ya baba yake peke yake."

Nilirudi nikamwambia kaka, "Dada anasema bendi ni yetu sote."

Nilipowasomea wanachama wenzangu sehemu hii, mmoja aliinua mkono akauliza: Je, huo si uongo? Swali hilo ni zito na sitalikwepa. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba ninaweza kupunguza lakini siwezi kuongeza. Dada alisema bendi si ya mtu mmoja, nami nilisema bendi ni yetu sote. Miiba niliiacha njiani, ila mti wenyewe ni ule ule. Kuhusu kaka, nakubali nilikata sana, na mwenye kuuliza swali ana haki ya kusema nilivuka mpaka. Mimi naona sikuvuka. Chini ya matusi yake kulikuwa na swali, na swali hilo ndilo nililolibeba. Mchonganishi naye angebeba mwiba peke yake, auchovye pilipili kidogo, aulete mbio.

Tatizo ni kwamba siku ya nne walizungumza. Katika kuzungumza wakalinganisha maneno. "Mimi sikusema hivyo." "Wala mimi." Halafu wote wawili wakanigeukia mimi, na neno lililotoka kinywani mwa dada lilikuwa "ndumilakuwili".

Neno hilo, kwa wasiolijua, ni jina la nyoka anayesemekana ana kichwa mbele na kichwa nyuma, anauma huku na huku. Ndilo jina tunalompa mnafiki anayekula pande zote mbili. Tazama basi jinsi lugha yetu ilivyo kali. Yule anayekwenda huku na huku kupatanisha, na yule anayekwenda huku na huku kuuma, kwa mbali wanafanana, na jina lililo tayari kinywani mwa watu ni la yule wa kuuma. Sijapata neno moja la Kiswahili la kumsifu mtu aendaye kuwili kwa wema. Kama lipo, wazee wa lugha watuletee.

Kuna methali maarufu isemayo, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune." Darasani tumefundishwa kwamba inamwonya mtu wa nje asijiingize katika magomvi ya ndugu, kwa kuwa watapatana na yeye atabaki na aibu. Ni methali ya hekima kwa jirani. Lakini haimsaidii ndugu wa tatu. Yeye hana shamba la kwenda kulima. Shamba lenyewe ndilo linalogombaniwa, na jembe limeegemezwa kwenye ukuta wa chumba anacholala.

Mambo ya zile elfu nane yaliishaje? Mama ndiye aliyeyamaliza, na aliyamaliza kama mwamuzi. Ilikuwa mwanzoni mwa Februari, wiki zile ambazo maua ya Valentaini yanasafirishwa ng'ambo na wafanyakazi wa kupakia wanaingia alfajiri na kutoka usiku. Aliingia akiwa amechoka, akatukuta wanne tumenyamaza na mmoja analia (kitinda mimba, bila shaka). Akasema, "Nusu amplifaya, nusu mgawane, na anayetaka kuongea aongee na mto wake." Dakika moja! Mimi nilikuwa nimetembea siku nne kati ya chumba na chumba.

Nimeiwaza sana dakika ile. Kundi linaloshikilia kwamba mwamuzi na mpatanishi ni mtu mmoja litasema, "Si unaona, mama alipatanisha?" Nami nasema hapana. Mama alikata. Hakuna aliyebisha kwa sababu ni mama, na kwa sababu alikuwa amechoka kwa ajili yetu. Lakini Jumamosi iliyofuata kaka na dada walisimama kando kando na kipaza sauti kimoja, na dada alipoingia nusu pigo kabla ya wakati kaka hakusimamisha wimbo kumkemea. Alimsubiri. Mimi na mdogo wangu wa ngoma tulishika pale pale mpaka wakakutana. Jambo hilo haliamriwi na mtu, hata mama. Lilitoka katika ile safari ya siku nne, nadhani, au lilitoka katika wao wenyewe.

Jina la ndumilakuwili halijafutwa rasmi. Dada akiwa na furaha huniita hivyo kwa utani, nami huitikia. Lipo jambo jingine ambalo hakuna aliyeniuliza bado: nina wimbo wangu. Upo kwenye daftari la Jiografia, kurasa za nyuma, beti tatu na kiitikio. Katika bendi yenye watu wawili wanaogombania kutangulia, kumleta wa tatu ni kuwasha jiko lingine. Kwa hiyo umekaa. Mwezi uliopita kitinda mimba aliufungua ule ukurasa, akausoma kwa sauti mbele ya kaka na dada, kisha akauliza, "Huu nani anaimba?" Walitazamana wale wawili. Kaka alichukua gitaa, akaitafuta ile penseli.

MAZOEZI YA CHAMA

1. Nyambua vitenzi vifuatavyo katika kauli ya kutendana kisha kutendesha, na utunge sentensi kwa kila kimoja: pata, gomba, chonga, sikia, elewa. Ni kipi kati ya hivyo kinachokataa kufuata wenzake, na kwa nini?

2. Eleza tofauti kati ya mwamuzi, msuluhishi na mpatanishi kwa kutumia mifano ya mtaani kwenu. Usitumie mfano wa mpira, umeshatumika.

3. "Kupunguza si kuongeza." Jadili kama mwenye kubeba maneno anaweza kuyapunguza bila kuwa mwongo. Waliokuwa katika kundi la upande wa pili wanakaribishwa kujibu kwa ukali wowote, kwa Kiswahili sanifu.

4. Tafuta au uunde neno moja la Kiswahili la kumsifu mtu aendaye pande mbili kwa nia njema. Majibu yaandikwe kwenye karatasi moja na kutiwa katika sanduku la chama, mlangoni pa maktaba.